Nyumba ina jina la mume, mimi sina hata risiti. Nina haki gani?

MamaVitumbua:
Habari zenu. Tulifunga ndoa kanisani 2004, tuna watoto watatu. Mume ni dereva wa malori ya Tunduma. Nyumba tumejenga Kihonda, Morogoro, kwenye kiwanja alichonunua yeye kwa jina lake. Akiwa safari hata wiki tatu, mimi ndiye niliyewapikia mafundi na kuwachotea maji ya zege kisima cha jirani. Milango miwili ya nje imetokana na vitumbua vyangu. Wiki iliyopita kaja na dalali kuikagua nyumba. Kumuuliza, ananijibu: "Wewe mama wa nyumbani tu, ulichangia nini?" Kaka zangu wanataka nichukue watoto nirudi Korogwe.

KaraniMstaafu:
Pole dada. Nimeshika mafaili ya ndoa na mirathi mahakama ya mwanzo miaka 22, na hiyo "ulichangia nini" nimeisikia hadi nimeichoka. Ilishajibiwa 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi. Majaji walikuwa wakivutana kama kupika na kulea ni "kazi" au ni wajibu wa mke tu. Rufani ikasema ni kazi, nayo inahesabika.

Ila wanaoitaja kesi hii huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa! Mumewe aliwahi kumpa fedha za mradi wa familia, akazitapanya, mahakama ikaona fungu lake kashalila. Kwa hiyo haki ya kugawiwa unayo. Ugomvi utakuwa kwenye kiasi, na kiasi hakitoki kwa huruma ya hakimu, kinatoka kwa ushahidi. Huna risiti, lakini fundi aliyekula ugali wako yupo. Mwenye kisima yupo. Kama ulicheza kikoba, daftari lipo. Waandike majina leo.

Kesi yenyewe haianzii mahakamani. Inaanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Likishindwa kuwapatanisha linakupa hati, ndipo unafungua shauri la talaka na mgawanyo.

Lakini la dalali halisubiri baraza. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinamkataza mumeo kuuza nyumba mnayoishi bila ridhaa yako, hata kama jina ni lake peke yake. Kama nyumba ina hati miliki, nenda ofisi ya ardhi uweke zuio. Kama ni karatasi za serikali ya mtaa, mwandikie mwenyekiti barua ya pingamizi, nakala yako igongwe muhuri. Mwenyekiti ndiye anayeitwa kushuhudia mauzo, usimwache aseme hakujua. Na Korogwe usiende kwanza. Ukiondoka, nani atamwona dalali akirudi na mnunuzi?

Mswahili_wa_Likoni:
Huku kwetu Kenya watu walidhani Katiba ya 2010 imeleta nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema sivyo, kila mmoja athibitishe mchango wake. Ila nao hata ulezi wa watoto wauhesabu.

KaraniMstaafu:
Kweli ndugu. Sheria yetu inaiambia mahakama ielekee kwenye usawa, lakini baada ya kupima michango, madeni na mahitaji ya watoto. Dada, watoto wana umri gani? Wa chini ya miaka 18 wataje mapema, wana uzito wao kwenye mgawo.

MamaVitumbua:
Wawili wako chini ya 18. Fundi nimempata, yuko Mkundi siku hizi. Anakumbuka hadi maharage yaliyoungua siku ya kumwaga zege la msingi. Barua nimeandika, kesho saa mbili niko kwa mwenyekiti.