Tupeane uzoefu: ugonjwa gani ulikumaliza kwenye nyanya?

Mzee wa Matenga: Leo sokoni nimeona tenga la nyanya zenye mabaka ya kahawia, nikakumbuka Ilula, kule Iringa. Shamba la kukodi, matunda ya chini yameanza kujaa, dalali keshakuja kupiga hesabu. Ikaja mvua ya usiku, ukungu asubuhi mpaka saa nne. Jumatatu naona majani machache kama yamemwagiwa maji ya moto, ukigeuza chini unga mweupe. Napiga dawa, mvua inaosha. Ijumaa shamba zima limeungua, harufu inakupokea barabarani. Mama watoto alifika, akaangalia, akamwambia bodaboda ageuze. Hakushuka.

Dada Kitalu: Pole mkuu. Bakajani chelewa hiyo, ndiyo iliyoteketeza viazi vya Ayalandi 1845.

Kijana wa Lushoto: Bora nyie mna dawa. Mnyauko je? Mchana mche umelala, jioni unainuka kukudanganya, baada ya siku chache umekufa ukiwa kijani.

Bondeni: Hiyo kiu tu. Mwagilia.

Kijana wa Lushoto: Kiu gani ndugu? Nilikata shina nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, uzi mweupe ukashuka. Bakteria hao.

Bondeni: Basi weka majivu.

Dada Kitalu: Majivu hayawatoi ardhini. Ng'oa, choma, panda mahindi misimu kadhaa. Usikimbilie bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, ukoo mmoja. Na ukitoa maji ya mfereji kwako, unampelekea jirani.

Bondeni: Babu yangu alitumia majivu mpaka kufa.

Kijana wa Lushoto: Kufa nani, babu au nyanya? 😂

Mama Hoho: Mimi rasta. Majani yamejikunja, miche imedumaa, duka la pembejeo wakaniuzia dawa ya ukungu! Kumbe virusi, wanavileta inzi weupe.

Mpitaji: +1 rasta. Sina hamu.

Mzee wa Matenga: Mmeuteka uzi wangu. Mankozebu, ile dawa ya bakajani, napiga kabla ya mvua au baada?

Dada Kitalu: Kabla doa halijaonekana, jani likiwa kavu. Na punguza majani ya chini hewa ipite.

Bondeni: Mimi nasubiri doa kwanza, dawa ghali.

Dada Kitalu: Ndiyo maana kila msimu uko humu unalia.

Mpitaji: Fugeni kuku.

Mama Hoho: Kideri unakijua?

Mzee wa Matenga: Haya bishaneni, mimi kitaluni nishasia.