Je, anayenunua boya hununua na mahali pake? Kuegesha boti katika Mkondo wa Tudor

Mwana wa Kuze ameuliza:

Assalaam alaykum nyote. Nina boti ya faiba yenye urefu wa mita 8, niliyoipata mwaka huu kwa ajili ya kuwatembeza wageni kutoka Mji wa Kale hadi ndani ya Mkondo wa Tudor. Tangu niipate imekuwa ikilala katika diko (pwani wanapofikia wavuvi na vyombo vyao) la jamaa yangu mvuvi, ambako maji yakipwa huketi juu ya tope na kulalia ubavu hadi yajae tena. Sasa amejitokeza bwana mmoja anayehama mji, naye yuko tayari kuniuzia boya lake la kufungia boti, mnyororo wake na zege lililo chini, "pamoja na mahali", kwa bei ambayo, kusema kweli, inakaribia nusu ya thamani ya boti yenyewe. Nilipomwomba hati ya mahali hapo alinionyesha risiti ya fundi aliyemtengenezea zege, basi. Nilikwenda ofisi moja kuuliza nikaelekezwa ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza. Naomba mnieleze ni nani hasa anayegawa nafasi za kuegesha vyombo majini hapa Mombasa, na kama nafasi hiyo yaweza kuuzwa.

Karani wa Sheria amejibu:

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, usitoe hata shilingi moja kabla hujatenganisha vitu viwili ambavyo muuzaji amevifunga kwa kamba moja. Boya, mnyororo na zege ni mali yake, naye ana haki ya kukuuzia kama vile angekuuzia kasia. Mahali si pake. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu sakafu ya bahari, pamoja na ardhi yote iliyo kati ya upeo wa maji kujaa na upeo wa maji kupwa, kuwa ardhi ya umma, ambayo serikali ya kitaifa inaishika kwa amana ya wananchi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaisimamia. Bwana huyo ni kama mtu aliyetandika mkeka wake msikitini: akiondoka atauchukua mkeka, lakini hawezi kumuuzia mwenzake safu ya mbele.

Kuhusu kuzungushwa ofisini, sikushangaa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti feri na bandari, huku likibakisha kwa serikali ya kitaifa usimamizi wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa. Hata hivyo Mamlaka ya Bandari ya Kenya, KPA, ambayo ilikuwapo tangu 1978, yaani miongo mitatu kabla ya kaunti, ndiyo inayosimamia Kilindini na Bandari ya Kale, na ndani ya mipaka ya bandari mkuu wa bandari ndiye mwenye kauli juu ya chombo kipi kitie nanga wapi. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, hushughulikia boti yenyewe, yaani usajili, ukaguzi na ruhusa ya kubeba abiria. Na diko la jamaa yako liko chini ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kwa kanuni za uvuvi. Hiyo ni milango minne, na kila mmoja una bawabu wake.

Anza na mkuu wa bandari, tena kwa barua. Eleza urefu wa boti, kina inachozama, na mahali unapopataka kwa latitudo na longitudo. Omba jibu la maandishi hata kama litakuwa kwamba mahali hapo pako nje ya mipaka yake, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba kwenda kaunti, na mtu wa pili hataweza tena kukurudisha kwa wa kwanza.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Mwanangu, Karani amesema ya ardhi, nami niseme ya maji, kwa kuwa hata ukipewa kibali leo, mahali penyewe huenda pasikufae.

Tuchukue mahali penye kina cha mita 5 maji yakipwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hupanda kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo yakijaa una mita 8 na ushei. Ukiachia mnyororo na kamba vyenye urefu mara tatu ya kina hicho unapata kama mita 25; jumlisha na mita 8 za boti yako, na maji yakipwa utakuwa unazunguka duara lenye upana wa karibu mita 65. Duara hilo hula theluthi ya hekta nzima kwa ajili ya boti moja ya faiba. Ndiyo sababu mkondo unaoonekana mpana kutoka darajani hujaa upesi, na ndiyo sababu anayegawa nafasi hawezi kuhesabu vyombo kama karani wa maegesho ya magari anavyohesabu mistari.

Kuna jambo jingine ambalo wagawaji wasiopata kulala majini hulisahau. Mashua yenye mkuku mrefu (uti wa chini ya chombo) hufuata mkondo wa maji, ilhali faiba nyepesi kama yako hufuata upepo. Maji yakitoka na upepo wa Kusi ukivuma kinyume chake, jirani yako ataelekeza omo, yaani mbele ya chombo, ndani nawe utaelekeza nje, na usiku wa manane mtagongana mkiwa mmelala majumbani mwenu. Vyombo vya aina moja viwekwe pamoja. Pakiwa padogo sana, funga omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kila upande na zege lake. Hutazunguka tena, ila upepo ukikujia ubavuni kamba zitabeba mzigo mkubwa, kwa hiyo usizifanyie ubahili.

Sasa zege la huyo bwana. Zege la tani moja likizama hubaki na uzito wa kama kilo 570 tu, kwa sababu maji hulibeba. Liwe limejichimbia topeni ndipo lishike vizuri. Mtafute mzamiaji wako mwenyewe, asiwe rafiki wa muuzaji, akapime unene wa mnyororo pale unaposugua mchanga, maana huko ndiko huliwa kwanza, na pingu zinazouungia. Umeliona boya juu likiwa jekundu na safi, lakini boya halishiki chombo.

Msafiri wa Boston amejibu:

Naishi Massachusetts, Marekani, mji wa pwani, na huku suala hili limeandikwa wazi. Sura ya 91 ya sheria za jimbo, kifungu cha 10A, humpa mkuu wa bandari wa kila mji mamlaka ya kutoa kibali cha boya, ambacho ni cha muda, na kanuni zinadai nafasi iliyo wazi itolewe kwa haki kutoka orodha ya kusubiri, pasi na kumbagua mtu kwa sababu ya mahali anapoishi. Boya lisilo na kibali huhesabiwa kuwa kero kwa umma. Kusubiri kwenyewe huchosha, lakini angalau kila mtu anaona nani yuko mbele yake.

Mvuvi wa Mkanyageni amejibu:

Orodha ni jambo jema, lakini nani atakayeandikwa kwanza? Ngarawa na mitumbwi yetu haina boya wala latitudo. Tunavuta juu ya mchanga au tunafunga penye mikoko. Orodha ikihesabu maboya pekee, sisi tuliokuwapo kabla ya faiba tutakuta mbele ya diko letu pamejaa minyororo na hatuna pa kupita na nyavu. Ombi la kila boya lipite kwanza kwa BMU ya ufuo ulio karibu, na njia ya kuingilia dikoni iachwe wazi bila mjadala. Msafiri, nakubaliana nawe kwa mengine.

Mwana wa Kuze ameandika tena:

Ahsanteni sana, nanyi wazee shikamooni. Barua kwa mkuu wa bandari nimeiandika, na nakala nimempelekea katibu wa BMU, ambaye ameniomba nisogeze pointi yangu mita 40 kuelekea kaskazini ili njia ya nyavu ibaki wazi, nimekubali. Kwa yule bwana nimetoa bei mpya: nitanunua mnyororo peke yake, kwa kilo, ukishatolewa majini na kupimwa. Hajanijibu hadi sasa. Mzamiaji niliyempata atashuka siku ya maji mafu, mkondo ukiwa umetulia, na akinipa vipimo nitaviweka hapa ili Nahodha avitazame.