Wiki 11 za mazoezi, halafu kashindwa na kiti kitupu

Posti Nne (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu.

Yule bwana wetu wa orodha, anayeamua nani asajiliwe kwenye klabu yetu ya mpira wa Kiaustralia (AFL), jina sitaji, mnamjua, amefanya tena. Dirisha la usajili wa nyongeza limefungwa leo, tuna nafasi moja wazi, na ameiacha wazi. Kwa makusudi! Kijana wa sentimita 203, kilo 104, yuko nasi kwa majaribio tangu Desemba, wiki 11 ukihesabu na likizo ya Krismasi. Asubuhi hii kamaliza zoezi la mwisho la kuruka, kakaa kwenye benchi anabandua plasta magotini, simu ikalia. Ujumbe wa mistari mitatu, na umeshazagaa kila kona: asante kwa mchango wako, tumeamua kubaki na nafasi wazi kwa sasa, kila la heri. Aliyeutuma yuko ghorofa ya kwanza nyuma ya kioo, hatua 30 kutoka lilipo lile benchi. Hatua 30! Mgonjwa wa nyonga anazitembea!

Waliokuwa kwenye uzio wanasema kijana alinyanyuka na kuondoka, plasta ya goti la kushoto ikiwa bado inaning'inia.

Hebu someni tena. Hajashindwa na mrefu mwenzake, wala na mzee mwenye uzoefu. Kashindwa na KITI KITUPU.

Twende kwenye hesabu, maana kuna watu watakuja hapa na "tuwe na subira". Orodha kuu inabeba wachezaji 36 hadi 38. Wachipukizi wa kundi A ni 4 hadi 6. Hayo mawili ukiyajumlisha yasizidi 42. Juu yake unaruhusiwa wawili wa kundi B, wale waliotoka michezo mingine, Waairishi wa mpira wa Kigaeli na warefu wa kikapu. Sisi tuna 37 na 4. Hiyo ni 41. Tumebakiwa na kiti kimoja, na kikosi kina shimo moja ambalo hata kipofu analiona: mrukaji, yule mrefu anayegombania mpira ukirushwa juu.

Mrukaji wa kwanza ana miaka 32 na msuli wa ndama unamsumbua tangu Januari. Wa pili ni mtoto wa miaka 19 aliyekuja na drafti ya Novemba (klabu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu), kilo 86, ana ufa mdogo kwenye mfupa wa mgongo wa chini, ugonjwa wa kila kijana mrefu anayerushwa kwenye mazoezi ya wakubwa, na haruhusiwi kuruka hadi Aprili. Wa tatu hayupo. Dharura ikitokea anatolewa mshambuliaji wetu mrefu aende katikati, na mbele wanabaki wadogo saba wa sentimita 175 wakisubiri mpira wa juu kama kuku anayesubiri embe lidondoke. SABA. Ukiwapanga wote mabegani huenda wakamfikia huyo kijana aliyefukuzwa kwa simu.

Mechi moja ina mipambano ya kuruka 80 na zaidi: ya katikati, ya refa kurusha mpira uliokwama, na ya mpira unaorudishwa kutoka nje ya mstari. Na mrukaji anaumia kuliko wote. Mwaka 2005 ligi ilichora duara la mita 10 pale katikati kwa sababu hawa watu walikuwa wanakuja mbio toka mbali, goti kwa goti, wanachana kano ya nyuma. Uwanja mzima umebadilishiwa mistari kwa ajili ya magoti yao! Bwana orodha anasema tutabaki na mmoja na nusu.

Pesa nayo si sababu. Klabu inalazimika kulipa angalau asilimia 95 ya kikomo cha mishahara hata ikilala. Mchezaji wa nyongeza unampa mkataba wa msimu mmoja kwa mshahara wa chini, Oktoba ikifika mnaachana kwa heri. Umeokoa nini?

Wiki 11. Kiti kitupu. Ujumbe wa simu.

Kipanga wa Footscray

Nimekaa pale. Leteni kahawa na kashata.

Mama Ligi

Mleta uzi punguza jazba, utapasua kioo cha simu. Oktoba ni wewe uliyeandika humu kwamba warukaji wanakula nafasi bure, tuchukue viungo. Uzi bado upo, niulete?

Posti Nne

Ulete, tena usome hadi mwisho. Nilisema tusimchukue mrukaji wa miaka 18 kwa nafasi ya juu ya drafti, na leo narudia. Mrukaji hukomaa polepole, mwili unahitaji miaka minne, mitano. Max Gawn alichukuliwa nafasi ya 34 mwaka 2009, akaja kuingia kikosi bora cha ligi 2016. Aaron Sandilands, sentimita 211, alipitia orodha ya wachipukizi akacheza mechi 271. Dean Cox naye mlango huohuo, mechi 290. Nafasi ya mwisho ya orodha imeumbwa kwa ajili ya watu wa aina hii! Unamchukua aliyekwisha kujaa mwili kwenye ligi ya jimbo, unamweka kama akiba. Huyu alikuwa yuleyule, amekuja mwenyewe, amefanya mazoezi wiki 11, anakaa anabandua plasta...

Mama Ligi

Plasta tena. Haya.

Mwanasheria wa Kona

Mimi namtetea bwana orodha. Nafasi wazi si ujinga. Drafti ya katikati ya msimu ilirudishwa 2019, na mwaka huohuo Richmond walimchukua Marlion Pickett kutoka South Fremantle. Mechi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi ikawa fainali ya Septemba, akatoka na medali ya ubingwa. Wangekuwa wamejaza kila kiti Februari wangempata wapi?

Posti Nne

Nilijua utakuja na Pickett, kila mwaka ndiye ngao yenu. Richmond hawakukalia kiti kitupu tangu Februari. Kiti kilipatikana Shaun Grigg alipostaafu msimu ukiwa umeshaanza. Ndivyo viti vinavyopatikana! Mtu anastaafu, mtu anavunjika anahamishiwa kwenye majeruhi wa muda mrefu, nafasi inafunguka yenyewe, kila klabu, kila mwaka. Huhitaji kuanza msimu na pengo ili uwe na pengo mwezi Mei.

Na kati ya leo na mwisho wa Mei huwezi kuongeza mtu hata akidondoka mlangoni. Ndama ya mzee ikichanika raundi ya 2, unacheza Machi, Aprili na Mei yote bila mrukaji. Ukifika kwenye hiyo drafti wenye mahitaji kama yako wamepanga foleni, na aliye mkiani kwenye msimamo ndiye anaanza kuchagua. Labda ndio mpango wenyewe, tuwe mkiani ili tuanze kuchagua!

Mwanasheria wa Kona

Na huyo kijana wa 203 ulimwona akicheza mechi? Au umependa urefu tu?

Posti Nne

Nimependa kwamba ANA MIGUU. Kiti nacho kina miguu minne lakini hakiruki.

Kadogo wa Perth

Bandugu, nyinyi munalia juu ya kiti moja. Ule mutu wa kwetu anapenda mikataba mirefu. Miaka sita, miaka saba, kwa mutu mwenye miaka 28! Akifika 33 hawezi kimbia, lakini bado anahesabiwa kwenye kikomo, na bale batoto bazuri banaondoka juu hakuna pesa ya kubalipa. Afadhali kiti kitupu. Kiti hakiombi mushahara.

Magpai wa Moyo

Mkataba mrefu usiniambie mimi. Sisi Collingwood tulimpa mrukaji Brodie Grundy miaka saba mwaka 2020. Oktoba 2022 akapelekwa Melbourne kwa nafasi ya 27 ya drafti, na sehemu ya mshahara wake tukaendelea kuilipa sisi. Unamlipa mrukaji aje akurukie wewe! Hilo ndilo la kufungulia uzi, si mtu wa majaribio.

Mama Ligi

Wewe Magpai ulibeba kombe 2023, unalalamika nini? Waliopata hasara ni Melbourne. Gawn na Grundy timu moja, wote wanataka katikati, ukimpeleka mmoja mbele hafungi. Mwisho wa msimu Grundy anacheza na timu ya akiba, na Oktoba 2023 kauzwa Sydney. Hapo ndipo ujue kuwa na warukaji wawili wakubwa ni kuharibu orodha. Mleta uzi anataka watatu.

Posti Nne

Wawili wakubwa wanaolipwa kama wafalme ni tofauti na akiba wa mshahara wa chini! Mbona mnachanganya? Akiba hachezi, anasubiri. Kazi yake kucheza ligi ya jimbo kila Jumamosi awe na pumzi ya mechi, siku mkubwa akianguka awe tayari. Tena anamfundisha yule mtoto wa 19, anaruka naye mazoezini, maana mtoto hawezi kujifunza kuruka kwa kugombania na koni. Kesho asubuhi zoezi la warukaji lina nani? Mzee peke yake na kocha aliyeshika mto wa kugongea! Na kiti!

Hatua 30 jamani. Angeshuka tu ngazi.

Kipanga wa Footscray

Kwenye hatua 30 nakuunga mkono. Mtu anafukuzwa ana kwa ana, hata wa majaribio. Hayo mengine sijayasoma, ni marefu.

Ndovu wa Kakuma Road

Wasee, hii yenu ni shida ndogo. Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma, sisi Sydney tulimwacha aende Port Adelaide mwisho wa 2020. Mwaka uliofuata, 2021, yuko kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Beki anayeruka kama amefungwa springi, unamwachaje? Kila nikimwona akikata mpira mbele ya posti zetu roho inaniuma upya. Huyo wetu wa orodha wakati ule hakutumia simu wala ngazi, alitumia usingizi.

Mama Ligi

Ukitaja vijana wetu wa Kiafrika usiniache na lile la Mac Andrew. Kalelewa kwenye akademi ya Melbourne, ile iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wahamiaji na Wenyeji Asilia. Ikafika 2021, sheria imeshabadilishwa: akiitwa na klabu nyingine ndani ya nafasi 20 za mwanzo, akademi haikuruhusiwa kulipia (kwa pointi za nafasi zake za drafti) kumbakiza. Kwa nini? Kwa sababu mwaka mmoja nyuma Bulldogs walimbakiza Jamarra Ugle-Hagan aliyeitwa nafasi ya 1, wakubwa wakapiga kelele. Gold Coast wakamchukua Andrew nafasi ya 5 na Melbourne wakabaki wanaangalia. Unalea, unalisha, mwingine anaoa bila mahari!

Hesabu Hazidanganyi

Drafti hiyohiyo ya 2021 watoto wa wachezaji wa zamani walibakizwa bila tatizo. Baba akicheza mechi 100 kwenye klabu, mtoto ni wako ukilipa pointi. Sam Darcy akaitwa nafasi ya 2, Bulldogs wakalipa. Nick Daicos akaitwa nafasi ya 4, Collingwood wakalipa. Ndiyo maana Gold Coast waliokuwa na nafasi ya 3 wakajikuta wanachagua wa 5! Yule wa akademi tu ndiye aliyefungiwa mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa dhuluma ya kweli kwenye huu mchezo.

Posti Nne

Wakuu, uzi ni wa mrukaji. Kijana kaondoka na plasta gotini.

Magpai wa Moyo

Hesabu, Daicos tulimlipia kihalali. Usiseme kama tuliiba.

Hesabu Hazidanganyi

Kihalali kwa bei ya kutupa. Nafasi ya 4 ilikuwa pointi 2034. Toa punguzo la asilimia 20, umelipa kama 1627. Na hukulipa kwa nafasi ya maana, ulikusanya nafasi za chini ambazo ukizitumia zenyewe unapata mtu wa mechi tano. Ulinunua ng'ombe kwa sarafu za chenji. Ndiyo maana 2025 wameshusha punguzo hadi asilimia 10 na nafasi za mwisho wakazinyang'anya pointi.

Kadogo wa Perth

Na sisi wenye hatuna baba wa mechi 100, wala akademi ya maana, tufanye nini? Tunapanga tu mustari.

Mwanasheria wa Kona

Subirini Tasmania waingie 2028, hapo ndipo mtajua foleni ni nini. Klabu ya 19 inahitaji orodha nzima kutoka sifuri. Mwenye mkataba unaoisha 2027 ameanza kupigiwa simu, amini usiamini. Ukikagua orodha yako leo, safu ya kwanza kuangalia ni hiyo, nani anamaliza 2027, kabla hata ya umri na nafasi anayocheza.

Ndovu wa Kakuma Road

Sisi tuna tisa wanaomaliza 2027. Tisa! Na huyo wetu bado amelala.

Magpai wa Moyo

Hesabu, rudi hapa. Asilimia 20 walipewa wote, Bulldogs wa Darcy pia. Mbona wao huwaiti wezi?

Hesabu Hazidanganyi

Nawaita. Nafasi ya 2 ilikuwa pointi 2517, piga mwenyewe.