Mjadala: Mwenye lori kuukuu aachwe ajifungie breki mwenyewe?

Mtoa hoja: Wakuu, Fuso na Scania za miaka ya 90 bado zinabeba mahindi, mbao na saruji, na nyingi hutengenezwa na wenyewe chini ya mwembe, utingo kashika tochi. Je, sheria imkataze asiye na cheti kugusa breki na usukani? Mimi nasema ndiyo, kwa vitu hivyo viwili tu. Filta, feni belti, oltaneta, hata klachi, jitengenezee. Ukikosea utalala njiani, basi. Ukikosea breki halafu ukashuka mlima Kitonga, anayelipa ni abiria wa basi lililo mbele yako.

Tena chemba ya breki za upepo si ya kuchezea. Ile ya nyuma ina springi nzito iliyobanwa ndani. Upepo ukiisha, springi hiyo ndiyo inayokamata breki. Ukifungua chemba bila kuibana kwanza springi kwa boliti yake, inafyatuka na kuua. Na bado kuna watu wanafungua chemba hiyo kwa nyundo na patasi!

Dereva mwenye gari: Mkuu, unaongea kama mtu anayeacha gari gereji asubuhi na kulifuata jioni. Nikikwama mlima Sekenke usiku, huyo fundi mwenye cheti namtoa wapi? Na huko mjini kwenyewe, fundi mkuu anapokea hela, anayeingia uvunguni ni kijana anayejifunza. Breki nikizifunga mimi, ni mimi nitakayeshuka nazo mlima. Nani mwenye uchungu kuliko mimi?

Fundi, Gerezani: Mmesahau spea. Mteja analeta laining ya breki ndani ya boksi la kampuni, nembo na kila kitu, kumbe feki. Ikipata moto inang'aa kama kioo. Unakanyaga, gari linateleza tu. Mwingine analeta dramu iliyochongwa mara nyingi mpaka imekuwa nyembamba, anataka nimpigie laining mpya humo humo. Cheti changu kitasaidia nini hapo? Mimi ningeanza na wenye maduka. Ila dereva, na nyie mna lenu: mnakaza breki gurudumu moja kwa sababu ndilo linalofikika, gari likivuta upande mnasingizia barabara. Na tangi la upepo hamlimwagi maji yanayojikusanya humo.

Dereva mwenye gari: La maji nakubali, wengi hatumwagi.

Mtoa hoja: Fundi, maduka yabanwe pia, sibishi. Dereva, hosi ikipasuka Sekenke ifunge ufike, hakuna atakayekulaumu. Nazungumzia kazi uliyoipanga nyumbani. Na huo uchungu ndio unaonitia wasiwasi. Mwenye marejesho ya mkopo mwisho wa mwezi ataangalia laining iliyobaki kama karatasi na kusema "itafika". Mtu baki hawezi kusema hivyo, mzigo si wake. Sisemi urudi darasani: VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Kapimwe, kisha jifungie breki zako upendavyo.

Dereva mwenye gari: Nitaenda kupimwa siku mkaguzi atakapoingia chini ya gari langu. Mpaka sasa anaishia kwenye stika ya kioo cha mbele.