Waliowahi kulala Zigi, Amani, kando ya mto: tupeane uzoefu

Mwana Muheza: Juzi nimeona gari la Amani likipakia abiria hapa Muheza, nikaikumbuka Zigi. Kwa wasiopajua, ni getini mwa hifadhi ya msitu ya Amani, Usambara Mashariki, chini ya mlima, pale ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani ya kushushia magogo. Mliolala pale kwenye mahema, leteni visa.

Mama Wawili: Umenitonesha, kaka. Sisi aliyetupeleka ndiye aliyesema tuweke mahema chini kabisa, mtoni, eti ndipo penye hewa. Jioni kule juu Amani kumefunga wingu jeusi, huku chini hata tone. Tukasonga ugali, tukaosha vyombo mtoni, tukalala. Usiku wa manane mdogo wangu ananitikisa: "Dada, sikia mawe." Mawe yanagongana majini, mngurumo unapanda kutoka ardhini mpaka kifuani. Nawasha tochi: maji rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi, na lile jiwe tulilokalia jioni halionekani. Sakafu ya hema ishaanza kulowa. Mwanangu mdogo nilimbeba mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, tukapanda gizani huku tukishikilia mizizi. Sufuria na magodoro tuliviacha. Mlinzi, Mungu ambariki, alitufungulia chumba na kuwasha moto. Kulipokucha maji yameshuka, na gogo refu limelala pale pale tulipokuwa tumelaza watoto.

Bint Tanga: Pole sana dada. Mwili umenisisimka.

Fundi Bomba: Pole, lakini la vyombo siliachi. Mto Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo tunayokunywa Tanga mjini. Sabuni mtoni hapana!

Mama Wawili: Ndugu, nasimulia watoto kunusurika, wewe unaniletea sabuni?

Fundi Bomba: Yote mawili ni uhai wa watu. Chota na ndoo, oshea mbali.

Mzee wa Korogwe: Wekeni mahema juu, mlimani mvua haiagi. Mie kilichonikosesha usingizi ni ukelele mtini, unaanza kwa kukwaruza kisha unapanda kama mtu anakabwa.

Bint Tanga: Komba huyo.

Mzee wa Korogwe: Komba analia kama mtoto, namjua. Huyu ni perere, mnyama wa mtini anayefanana na pimbi, ukubwa wake kama sungura aliyeshiba tu.

Bint Tanga: Shikamoo mzee, lakini bado nasema komba.

Kijana wa Soni: Mnagombania sauti, siafu hamwataji? Zungushieni hema majivu.

Mwana Muheza: Majivu yakilowa ni kazi bure, na pale yatalowa tu. Ukiona msafara unakuja, toka uwapishe. Wakishapita unarudi kulala.

Kijana wa Soni: Bibi yangu alitumia majivu miaka yote!

Mwana Muheza: Bibi alikuwa na paa, mdogo wangu.

Mgeni wa Dar: Nataka kupeleka familia Desemba. Nifute?

Mama Wawili: Usifute, msitu ule watoto wauone. Ila kama vuli haijakatika, chukua chumba getini, mtoni mshuke mchana tu. Wingu likitanda juu, watoe watoto majini hapo hapo, hata kama kwenu jua linawaka.

Mzee wa Korogwe: Au ngoja Januari, barabara ikauke.