Kumpeleka mhubiri Thailand kwa Wabudha: ni sawa ama ni kusumbua watu?

Wa_Changamwe: Jamani nisaidieni. Jumapili kanisani bahasha imepita, tunachangia kijana wetu aende Thailand kuhubiri miaka miwili. Kule karibu wote Wabudha, Wakristo hata wawili kwa mia sidhani wanafika. Nimetoa mia mbili lakini roho haijatulia. Hivi ni haki umfuate mtu kwake umwambie dini ya babake bure?

BinKibokoni: Mbona waenda mbali yakhe, yule mmishonari Krapf alivyoshuka hapa Mombasa 1844 nani alimuita?

MzeeRabai: Kibokoni chunga mdomo. Huyo alizika mke na kitoto kichanga hapa hapa mwaka huohuo na akabaki, akaandika kamusi ya hii lugha unayotubezea nayo.

BinKibokoni: Sasa kamusi ndio nini, kwani tulikuwa mabubu?

Baharia_mstaafu: Mimi nimefanya meli na Wasrilanka. Jikoni juu ya friji walikuwa na Budha mdogo, kila asubuhi mpishi anambadilishia maji kwenye kikombe kabla hajagusa sufuria. Bosun wetu mlokole alimhubiria safari nzima, jamaa anacheka tu anampakulia wali mwingi. Hahami ng'o.

DadaBuxton: Baharia yuko sawa. Kuna mmishonari Mmarekani Judson aliingia Burma nadhani 1812, miaka sita ndio akabatiza Mburma mmoja.

MzeeRabai: 1813. 1812 ndio aliondoka kwao.

DadaBuxton: Haya asante mwalimu. Na waliookoka wengi baadaye ni Wakaren, kabila la huko huko, ambao wengi wao hata Wabudha hawakuwa, walikuwa na mila zao. Siam nako, ndiyo hiyo Thailand, daktari mmishonari Bradley akafika 1835 na mashine ya kuchapa, baadaye akaleta chanjo ya ndui, wenyeji wakapokea chanjo, wakasoma gazeti, dini wakamwachia mwenyewe. Na Mthai angalau ana mlango wa kufunga, mimi nikihubiriwa kwa feri ya Likoni nitakimbilia wapi, majini?

Likoni_Damu: 😂😂 yule wa spika shingoni! Mkipanda anaongea polepole, mkifika katikati ya maji tayari mko motoni, na feri ikikaribia kugusa kofia ishazunguka. Hesabu kumshinda konda.

MzeeRabai: Amekushika mfuko? Na spika za alfajiri huko kwenu mbona hamzisemi?

BinKibokoni: Heee adhana imeingiaje hapa mzee? Adhana ni dakika tatu, mkesha wenu wa Ijumaa mpaka jogoo anachoka kuwika!

Wa_Changamwe: Mimi nimeuliza Thailand tu...

Likoni_Damu: Na chenji harudishi. Nishampa hamsini nikamwambia nirudishie thelathini, akaniombea.

Asha_wa_Mtongwe: Huyo wa kofia ni mjombangu. Hizo sarafu mnazocheka ndio zilinilipia fom foo. Endeleeni tu.

Likoni_Damu: Dada pole, sikujua wallahi. Lakini mwambie apunguze sauti kidogo.

DadaBuxton: Kwani Asha wewe si Muislamu?

Asha_wa_Mtongwe: Na yeye ni mjombangu. Shida iko wapi?

Wa_Changamwe: Jamani bahasha inarudi tena Jumapili, nitoe ama nisitoe?

BinKibokoni: Toa, ila apelekwe mjombake Asha. Bangkok pia kuna feri.