Tupeane uzoefu: Nani mwingine amegundua ana majirani tumbusi?

Mzee wa Mikumi:
Wakuu, salaam. Nimehamia Mikumi mjini kikazi. Kila siku jua likishapanda naona ndege wakubwa wakizunguka juu bila kupiga bawa, nikajua wanatokea hifadhini na wanapita tu. Juzi kijana mmoja mkata kuni akanionyesha juu ya mgunga mrefu nyuma ya kiwanja cha jirani yangu: kiota kipana cha vijiti, na shingo ndefu imechomoza inatutazama. Kumbe wanaishi hapa hapa!

Ni wale wa mgongo mweupe, ambao hujenga mitini. Chakula hakiwapi shida. Barabara ya Morogoro–Iringa inakata hifadhi katikati, na malori ya usiku hayana huruma na swala. Asubuhi mzoga, jioni mifupa. Shida ni jirani. Anasema ni ndege wa mkosi na anatafuta mtu wa kuukata mti. Nimemwambia hutaga yai moja tu kwa msimu, kiota kikianguka mwaka wao umekwisha. Wapi! Wenye majirani wa aina hii, tiririkeni.

Kiroboto Sugu:
Mkuu, watu wanahamia mji mpya wanatafuta wachumba, wewe unatafuta viota.

Mtu wa Kalerwe:
Huku Kampala tunapigana nao vikumbo. Pale machinjioni wanapanga foleni juu ya mabati pamoja na kaloli, yule korongo mwenye mfuko shingoni ambaye wageni wengi humwita tumbusi. Tumbusi wenyewe wa huku ni mdogo, kahawia, uso wa waridi. Kaloli ndiye mbabe. Tumbusi anasubiri pembeni aokote vinavyodondoka. Ajabu ni kwamba huyu mdogo yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kabisa kutoweka, na huku mwuza utumbo anamfukuza kwa fagio.

Bint Konde:
Assalaam aleikum. Kwetu Pemba, karibu na msitu wa Ngezi, yupo mweupe mwenye mbawa nyeusi na wekundu kuzunguka jicho. Mama mkwe wangu kila akimwona alikuwa akikimbilia kufungia vifaranga. Basi siku moja tukamkuta juu ya mchikichi, katulia, anachambua chikichi moja moja kama mtu aliyealikwa. Kaa na samaki pia hula. Vifaranga vya mama bado wanafungiwa, lakini hilo ni lake.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Mleta mada, mwambie jirani habari ya India. Diklofenaki, hii hii tunayomeza mgongo ukiuma, ilianza kudungwa ng'ombe kule. Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao wakafa kwa figo. Aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka michache. Mizoga ikabaki kwa mbwa wa mitaani, mbwa wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa nayo. Serikali ikaja kuipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Tumbo la tumbusi lina asidi kali mno, vimelea vingi vya magonjwa vinaishia humo. Mimi nimefanya kazi vijijini, nimeona kibudu kinavyogawanwa usiku. Afadhali tumbusi awahi.

Ole wa Magadi:
Mimi ni wa Kajiado. Kwetu wanalala kwenye miamba ya Kwenia, wale wenye manyoya kama magamba. Kuna wakati simba alishika ng'ombe wa jirani. Jamaa kwa hasira akamwaga dawa ya wadudu juu ya mzoga. Simba hakurudi. Walikuja tumbusi, na mbwa wetu pia. Niliwakuta ndege wamelala kifudifudi, wengine nyama ikiwa bado mdomoni. Tulikusanya kila kitu tukachoma, maana fisi akila naye anaenda. Zamani ng'ombe akipotea tulikuwa tunaangalia juu, wakizunguka mahali tunajua ni pale. Mwaka huo tulitembea kwa miguu mpaka tukachoka.

Mkeka Umechanika:
Kuna jamaa kijiweni anadai ukilalia kichwa cha tumbusi unaota matokeo ya mechi. Nikamuuliza mbona bado anakopa nauli.

Mzee wa Mikumi:
Nimemsomea jirani ya Ole wa Magadi, kanyamaza kidogo. Nikamwongezea kwamba majangili nao huwawekea sumu makusudi, kwa sababu wakizunguka juu wanawaonyesha askari tembo alipoangushwa. Sasa kaacha mkosi, kahamia kwenye kinyesi: kinadondoka kwenye paa analovunia maji ya mvua. Hapo nimekosa jibu.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Hapo ana hoja. Achomoe bomba la gata, mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo afungulie maji kwenye tangi. Ya kunywa achemshe. Na kama lazima akate, akate tawi lililoelekea paa tu, tena kiota kikiwa kitupu.